WAHAKA NA JITIMAI KWA WANAFUNZI WAINGIAO CHUO KIKUU

 

Ndugu zetu Waislamu, kila mwaka zitokapo natija za mtihani wa kidato cha nne, na majina ya waliopata nafasi katika vyuo vikuu yakajulikana, mitaa yetu hujaa furaha. Mama hupiga vigelegele, baba hupewa hongera msikitini, jamaa huchanga nauli na godoro, na kijana huagwa kwa dua. Furaha hiyo ni haki yake, nasi twashiriki ndani yake. Lakini kuna jambo lisilotajwa siku hiyo, wala halitajwi miezi mitatu baadaye, kijana yule aanzapo kukosa usingizi, kisha kuacha chakula, kisha kuacha darasa, hata mwisho akarudi nyumbani bila ya cheti na bila ya maneno. Akiulizwa, husema, "Nimechoka." Watu nao hawakosi la kusema. Huyu asema amerogwa, yule asema ana pepo, wa tatu asema ni mvivu, na wa nne, ambaye ndiye mwenye kuumiza zaidi, asema imani yake ni haba. Na katika kauli zote hizo hapana hata moja iliyomtoa kijana katika dhiki yake.

Kwa hivyo tumeona darsa yetu ya mwezi huu tuifanye juu ya jambo hili. Tutaeleza maana ya wahaka na jitimai, sababu zake kwa mwanafunzi mgeni, alama za kujua kuwa dhiki imekuwa maradhi, yale dini yetu isemayo, na wajibu wa mwanafunzi mwenyewe na wa sisi tuliobaki nyumbani.

MAANA YAKE

Wanazuoni wetu wametofautisha maneno mawili ya Kiarabu ambayo watu wengi huyachanganya, nayo ni hamm na hazan. Hamm ni dhiki ya moyo kwa jambo lijalo, kama mtu ahofuye mtihani, deni au fedheha. Hazan ni dhiki ya moyo kwa jambo lililopita au lililopotea, kama mtu aliyefiwa au aliyetengana na awapendao. Anas bin Malik amepokea, katika Sahihi ya Bukhari, kuwa Bwana Mtume (s.a.w.) alikuwa akikithirisha kujilinda kwa Mwenyezi Mungu na mambo haya mawili, akayataja pamoja na ajizi na uvivu, woga na ubakhili, uzito wa deni na kushindwa nguvu na watu.

Katika dua hiyo twapata mafunzo mawili. La kwanza ni kuwa mtu hajilindi na jambo lisiloweza kumfika. Mtume alipojilinda na dhiki ya moyo, alitufundisha kuwa dhiki hiyo humfika hata aliye muumini. La pili ni kuwa moyo, kazi, deni na watu vimefungwa kamba moja. Moyo ukilemewa, mikono hulegea. Na deni likizidi, moyo hulemewa. Basi asidhani mtu kuwa atautibu moyo peke yake na huku ameyaacha yale yaliyouponda.

Kwa Kiswahili chetu tutaiita hamm wahaka, na hazan tutaiita jitimai. Matabibu wa leo, jitimai ikizidi na kukaa, huiita sonona. Na mara nyingi mambo haya mawili humkuta mtu mmoja kwa wakati mmoja: usiku hulia kwa alilolikosa, na asubuhi hutetemeka kwa lile lijalo.

KWA NINI HUMFIKA ALIYE MGENI CHUONI

Natuzingatie khabari ya kijana wetu. Chuo chake cha kwanza kilikuwa cha Qur'ani, karibu na nyumba yao. Mwalimu alimjua kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Akikosa siku moja, jioni yake mwalimu alikuwa barazani akimwulizia. Kisha leo, kwa mfano, atoka Lamu akapata nafasi Eldoret, mji ulio juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, wenye baridi asiyoijua na usiokuwa na sauti ya bahari. Aingia ukumbi wa mamia ya wanafunzi, na mwalimu hamjui ila kwa nambari ya kitambulisho. Akikosa wiki nzima hapana amwuliziaye. Chakula si kile alichokilea. Wenziwe chumbani wana lugha yao ya mjini, na akisema Kiswahili cha kwao humcheka. Kwao alikuwa wa kwanza darasani. Hapa wote walikuwa wa kwanza makwao, naye kwa mara ya kwanza maishani mwake apata alama ya kushindwa.

Ongeza juu ya hayo jambo la mali. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1995, huenda ukachelewa. Kodi ya chumba haichelewi. Kijana hula mara moja kwa siku, naye asimwambie mama yake, kwani ajua kuwa mama aliuza mkufu wake ili yeye asafiri. Ongeza tena mzigo wa matumaini: yeye ndiye wa kwanza katika ukoo kuingia chuo kikuu, na kila apigaye simu humwita daktari au injinia, hali bado hajamaliza hata muhula mmoja. Neno hilo twalisema kwa mapenzi, lakini kwake ni kama deni analodaiwa na mji mzima.

Na kwa binti zetu kuna zaidi. Binti ajua kuwa walikuwapo waliopinga safari yake tangu mwanzo. Basi akipata dhiki hufunga mdomo, kwani akhofu kuwa atarejeshwa nyumbani, na wadogo zake wakataliwe kusoma kwa sababu yake.

Tena kuna sababu ya umri wenyewe. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2005 ulionesha kuwa katika watu wapatao maradhi ya akili maishani mwao, nusu yao maradhi huwaanza wakiwa na miaka 14 au chini yake, na robo tatu wakiwa na miaka 24 au chini yake. Maana yake ni kuwa miaka ile ile tumpelekayo kijana mbali na nyumbani ndiyo miaka ambayo maradhi haya hupenda kujitokeza. Si chuo kilichomtia maradhi, wala si elimu ya kizungu iliyomharibu, kama wasemavyo baadhi ya watu. Mtume wetu mwenyewe alipenda umma wake usafiri kutafuta elimu. Lakini msafiri hupewa akiba ya njiani, na akiba hii ya moyo sisi twaisahau.

ALAMA ZAKE

Huzuni na khofu ni katika maumbile ya binadamu. Kijana akililia nyumbani wiki ya kwanza, au akakosa usingizi usiku wa mtihani, huyo si mgonjwa. Apewe muda na maneno mazuri, na aghalabu atatulia akishapata rafiki na akishazijua njia za mahali pale. Lakini matabibu wameweka alama za kujulisha kuwa jambo limepita mpaka. Jitimai huhesabiwa kuwa maradhi ikikaa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa muda wa wiki mbili au zaidi, na ikamzuia mtu kazi zake. Alama zake ni hizi:

Kwanza, moyo huwa mzito au mtupu, na mambo aliyoyapenda, kama mpira, kusoma au kuzungumza na wenziwe, hayampi ladha tena.

Pili, usingizi humkimbia, au hulala mchana kutwa asiweze kuamka. Na chakula humkinai au hula kupita kiasi.

Tatu, huchoka bila ya kufanya kazi, na ukurasa mmoja husoma mara tano asijue alichokisoma.

Nne, hujiona hana thamani, hujilaumu kwa makosa madogo, na hujiona kuwa mzigo kwa wazazi wake.

Tano, hujitenga: hajibu simu, haendi darasani, hata jamaa msikitini huiacha naye alikuwa akiipenda.

Sita, huwaza mauti, au hutamani asiamke. Hii ndiyo alama kubwa kuliko zote, nasi tutairejea hapo mbele.

Ama wahaka ukizidi, huonekana katika mwili. Moyo hupiga mbio, pumzi hukatika, mikono hutetemeka, jasho humtoka na tumbo humvuruga. Wengine hupatwa na shambulio la ghafula hata mtu akadhani roho yamtoka. Shambulio hilo hufika ukomo wake kwa dakika chache, kisha hupungua. Aliyelipata kwa mara ya kwanza yafaa aende kwa tabibu apimwe, ili ijulikane kuwa si ugonjwa wa moyo au wa mwili. Na akishajua kuwa ni wahaka, kule kujua kwenyewe ni nusu ya faraja.

Twaongeza alama moja ambayo wazazi wa hapa kwetu yafaa waitambue. Mwanafunzi mwenye jitimai si lazima aseme, "Nina huzuni." Huenda akalalamika kichwa, kifua au mgongo, akapimwa malaria mara tatu na isionekane. Hamdanganyi mtu huyo; moyo wake wasema kwa ulimi wa mwili.

JE, NI UPUNGUFU WA IMANI?

Hili ndilo tungependa lisomwe kwa makini. Kuna watu, na baadhi yao wamo mimbarini, wasemao kuwa Muislamu wa kweli hapatwi na sonona. Twasema: kauli hii haisimami mbele ya Qur'ani.

Katika Sura Yusuf tumesimuliwa Nabii Yaakub (a.s.) alivyohuzunika kwa kumpoteza mwanawe hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Alikuwa Nabii, na alikuwa na yakini kwa Mola wake, na yakini hiyo haikumzuilia machozi. Alishitakia huzuni yake kwa Mungu, asiambiwe kuwa amekufuru. Nabii Musa (a.s.), alipotumwa kwa Firauni, alisema wazi kuwa akhofu, kifua chake chadhikika na ulimi wake hautoki vizuri, akaomba apewe ndugu yake Haruni awe msaidizi wake. Mwenyezi Mungu hakumkemea kwa khofu yake, alimpa msaidizi. Mama yake Musa, baada ya kumtia mwanawe mtoni, moyo wake ulibaki mtupu, na Mwenyezi Mungu akautia nguvu. Na Bibi Maryamu, uchungu wa uzazi ulipomkuta peke yake chini ya mtende, alitamani lau angalikufa kabla ya siku ile. Akanadiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji ya kunywa, akaambiwa autikise mtende zimwangukie tende mbivu ale. Angalieni hekima hiyo! Moyo wake ulifarijiwa kwa maneno, na mwili wake ukapewa chakula na maji, na kazi ndogo ya mikono ambayo angeliiweza.

Na Bwana wetu Mtume (s.a.w.), mwaka aliofiwa na mkewe Khadija na ami yake Abu Talib, karibu na mwaka 619 wa Miladi, mwaka huo umeitwa katika sira Mwaka wa Huzuni. Lau huzuni ingekuwa aibu kwa muumini, wanazuoni wasingaliuita mwaka huo kwa jina hilo.

Tena tutazame khabari ya Imamu Ghazali, maana yamhusu zaidi mtu wa masomo. Alikuwa mwalimu mkuu wa Nizamiyya ya Baghdad, na wanafunzi wakimjia kutoka kila pembe. Mwaka 488 wa Hijra, yaani 1095, alishikwa na dhiki ya nafsi kwa muda wa karibu miezi sita. Yeye mwenyewe ameandika katika Al-Munqidh min al-Dalal kuwa ulimi wake ulifungika hata akashindwa kusomesha, na chakula kikawa hakishuki. Matabibu wakasema chanzo cha maradhi ni moyo, na kutoka moyoni yameenea mwilini. Hatusemi kuwa hayo yalikuwa ndiyo sonona ya vitabu vya leo. Twasema tu kuwa mtu wa elimu yake na ibada yake alifikwa, akaeleza wazi kitabuni asione haya, akaondoka akapumzika, kisha baada ya miaka akarejea kusomesha. Basi kijana wa miaka 19 akilemewa muhula wa kwanza, sisi ni nani hata tumkatie shauri juu ya imani yake?

WAISLAMU WA KALE NA TIBA YA NAFSI

Wako wadhanio kuwa kumpeleka mtu kwa tabibu wa akili ni jambo la Wazungu. Hao hawajui khabari za wazee wao. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, sawa na 934, aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, juu ya maslaha ya miili na nafsi. Alieleza kuwa kama mwili uuguavyo, na nafsi nayo huugua, na mwenye kutibu kimoja akakisahau cha pili hakutimiza kazi. Akaigawa huzuni mafungu mawili: ile yenye sababu ijulikanayo, kama msiba, na ile isiyokuwa na sababu ijulikanayo, ambayo aliirejesha kwenye mwili na akataka itibiwe kwa dawa za mwili pamoja na maneno ya faraja. Alifundisha pia kuwa mtu mwenye afya ajiwekee fikira njema za kumtuliza siku ya dhiki, kama aiwekavyo nyumbani dawa ya ajali. Kitabu hiki kilisahauliwa na wengi, hata marehemu Profesa Malik Badri wa Sudan, aliyefariki mwaka 2021, akaifasiri kwa Kiingereza sehemu yake ya nafsi, ikachapishwa mwaka 2013.

Wala haikuwa nadharia tupu. Hospitali aliyoijenga Nuruddin Zanki mjini Damascus mwaka 1154, na ile ya Sultani Qalawun iliyojengwa Cairo mwaka 1284, ziliwatibu wagonjwa wa akili pamoja na wagonjwa wengine, na ziliendeshwa kwa mali ya wakfu. Wakati huo Muislamu alitoa wakfu ili mgonjwa wa akili apate kitanda. Leo Muislamu huona haya kuonekana mlangoni pa hospitali hiyo.

WAGANGA, PUNGO NA HIRIZI

Twaamini kuwa majini wapo, kwani Qur'ani imewataja. Lakini kuamini kuwa wapo si hoja ya kuwa kila mwenye moyo mzito ameingiliwa nao. Ni kama mtu aaminiye kuwa nyoka wapo, kisha kila aumwapo na mguu akasema ameumwa na nyoka.

Twaona mambo haya kwa macho yetu. Kijana arudi likizo, amekonda na hasemi. Badala ya kuulizwa analala vipi na anakula nini, hupelekwa kwa mpiga ramli. Ramli husema ni hasidi wa upande wa baba, na hapo ugomvi wa ukoo huanza. Hutakiwa mbuzi wa rangi fulani, ubani, kombe na hirizi. Ngoma ya pungo hupigwa usiku saba. Na fedha za karo huishia hapo. Mgonjwa, aliyekuwa na maradhi moja, sasa ana mawili: maradhi yake, na khofu ya kuwa ndani ya mwili wake mna kiumbe. Kuamini ramli ni haramu, na kumwomba asiyekuwa Mungu ni shirki. Na juu ya dhambi hiyo kuna khasara ya miezi ambayo ingalitumika kumtibu.

Ama kumsomea mgonjwa Qur'ani na dua zilizothibiti, hilo ni sunna na lina faraja kubwa, na mzazi aweza kulifanya mwenyewe bila ya kulipa hata senti. Lakini kisomo hakikuwekwa kuwa kizuizi cha dawa. Mtume (s.a.w.) alituamrisha tujitibu, akatujulisha kuwa Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Naye aliyemwuliza kama amwache ngamia wake bila ya kufungwa kwa kumtegemea Mungu, aliambiwa amfunge kisha ategemee. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiwaamrisha watu wampikie mgonjwa na mfiwa talbina, uji mweupe wa shayiri, kwa alivyomsikia Mtume akisema kuwa humpumzisha mgonjwa moyo na kumwondolea baadhi ya huzuni. Dua na uji vyote viwili vimo katika sunna. Iweje sisi tuchukue kimoja tu?

WAJIBU WA MWANAFUNZI

Ewe mwanafunzi, haya ni yako.

Lala. Mtume (s.a.w.) alimkumbusha Abdullah bin Amr kuwa mwili wake una haki juu yake na jicho lake lina haki. Kukesha usiku kucha na vitabu wiki nzima hakukupi elimu. Hukunyang'anya ile uliyokuwa nayo.

Jiepushe na muguka na miraa. Wengi huanza kutafuna ili wakeshe wakisoma. Mmea huo una kichangamshi ambacho huondoa usingizi, huongeza mbio za moyo, na kikishatoka mwilini humwacha mtu mnyonge na mwenye huzuni. Mwenye wahaka akautafuna ni kama atiaye mafuta penye moto. Chai ya rangi na kahawa nzito za usiku nazo zipunguze.

Usikae peke yako. Tafuta jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, sali jamaa japo sala moja kwa siku, na ule na wenzio. Tembea kwa miguu kila siku, jua likuone.

Gawa kazi yako vipande vidogo. Bibi Maryamu hakuambiwa aung'oe mtende, aliambiwa autikise. Ukishindwa kusoma sura nzima, soma kurasa mbili. Ukishindwa kwenda vipindi vyote, nenda kimoja.

Sema mapema. Vyuo vikuu vina ofisi ya washauri wa wanafunzi. Ingia, kwani hapana aibu. Mwambie mwalimu wako kabla ya kushindwa mtihani, si baada yake. Na ikilazimu, waweza kuomba kuahirisha muhula kwa idhini ya chuo na barua ya tabibu. Kuahirisha ni kutia nanga pepo zikichafuka, na chombo kilichotia nanga hakikuzama.

Ukipewa dawa, inywe kama ulivyoagizwa. Dawa nyingi za sonona hazioneshi nguvu zake ila baada ya wiki kadhaa, na kuziacha ghafula huleta madhara. Usimpe mwenzio dawa yako. Mwezi wa Ramadhani muulize tabibu. Nyingi katika dawa hizo hunywewa mara moja kwa siku, zikaweza kuwekwa wakati wa futari au wa daku, na aliye mgonjwa sheria imemruhusu kula na kulipa. Tena dawa si njia pekee. Kuna tiba ya mazungumzo na mtaalamu, ambapo mtu hufundishwa kuzipima fikira zake na kuzirekebisha, na jambo hili lafanana sana na aliyoyaeleza al-Balkhi miaka elfu na zaidi iliyopita.

WAJIBU WA WAZAZI NA JAMAA

Nanyi, wazee wetu, mpigapo simu msianze kwa kuuliza alama za mtihani. Ulizeni amekula nini, amelala vipi, na nani rafiki yake. Akikuambieni kuwa moyo wake mzito, msimjibu kwa kumtajia walio maskini kuliko yeye, wala kwa kumwambia avumilie tu. Msikilizeni mpaka amalize. Kisha mwambieni maneno matatu: twakupenda, si kosa lako, na tutatafuta dawa pamoja.

Msimwite daktari kabla hajawa. Mwacheni awe mwana wenu kwanza.

Akihitaji tabibu, mpelekeni hospitali ya serikali iliyo karibu. Watu wengi wakisikia tiba ya akili hudhani ni Mathari ya Nairobi tu, iliyoanza mwaka 1910, na jina hilo wamelifanya tusi. Si hivyo. Hapa Mombasa kuna tiba hiyo Port Reitz, na mgonjwa huenda akarudi kwake siku ile ile. Nasi twawaomba maimamu na walimu wa vyuo vya Qur'ani walitaje jambo hili katika khutuba na darsa zao, na wenye uwezo wakumbuke kuwa nauli na chakula cha mwanafunzi maskini ni sadaka, tena huenda ikawa ndiyo dawa yake. Mji huu uliwahi kuwa na Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, iliyoanza kusomesha mwaka 1951 na ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Ilisimama kwa michango ya Waislamu wa makundi mbalimbali pamoja na fedha za serikali ya wakati huo. Tulipotaka, tuliweza.

PENYE KHATARI YA MAUTI

Sasa twarejea kwenye ile alama ya sita. Shirika la Afya Duniani limehesabu kuwa watu zaidi ya 720,000 hufa kila mwaka kwa kujiua, na kuwa hilo ni sababu ya tatu ya vifo vya vijana wa miaka 15 mpaka 29. Dini yetu imeharamisha jambo hilo uharamu mkubwa, na kila mtoto wetu ajua. Lakini aliye katika giza hilo hahitaji kutishwa, ahitaji mkono.

Basi mkimwona kijana asema kuwa yeye ni mzigo, au kuwa watu watastarehe akiondoka, au agawa vitu vyake, muulizeni wazi kama awaza kujiua. Swali hilo halimtii fikira hiyo. Humfungulia mlango wa kusema. Msimwache peke yake, mwondosheeni vitu vya khatari, na mumpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina simu ya bure, nambari 1199, ya kuwasaidia walio katika dhiki kama hiyo. Wala msikhofu sheria: mwezi wa Januari 2025 Mahkama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinapingana na Katiba. Mtu huyo ni mgonjwa wa kutibiwa. Na jirani asikiaye asiitangaze siri hiyo barazani, kwani aibu ya mjini imewazuilia wengi kutafuta dawa.

MUHTASARI WA DARSA

Tuliyoyasoma ni haya. Wahaka na jitimai huwafika waumini, na walifikwa walio bora kuliko sisi. Dhiki ikikaa wiki mbili ikamzuia mtu kazi zake, hiyo ni maradhi, na maradhi yana dawa. Kisomo na dua ni haki, na tabibu ni haki. Ramli na pungo ni batili. Mwanafunzi aseme mapema, na mzazi asikilize kabla ya kuhukumu. Na penye fikira za mauti, hapana kungoja hata usiku mmoja.

Tunaloliomba kwa kila msomaji ni jambo dogo. Kabla ya kuikunja karatasi hii, amkumbuke kijana mmoja wa jamaa yake aliyeko chuoni mwaka huu, ampigie simu usiku huu, na amwulize hali yake, kisha angoje jibu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awatulize nyoyo vijana wetu walioko mbali, awaponye walio wagonjwa, awasamehe waliotangulia, na atupe sisi huruma na elimu ya kuwafaa. Amin.